Homa ya Pasi

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe tisa, siku ya makoti. Kila Jumanne dobi hupiga pasi makoti meupe ya hospitali, na koti la Mkuu wa hospitali huwa la mwisho, kwa sababu Mkuu anataka kola isimame wima kama imeimbiwa wimbo wa taifa. Dobi alikuwa ameishika kola hiyo, pasi mkono wa kulia, mke wake alipoingia na mtoto mgongoni.

"Baba Mheshimiwa, wamenirudisha."

"Wamekurudisha na mguu umevimba vile?"

"Wanasema mguu si hoja. Wanasema hana homa."

Mheshimiwa ndiye mtoto wao wa pekee, msichana wa miaka minne. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama yake dobi, kwa kuwa tangu ajifunze kukaa hajawahi kuinuka kumpa mtu kitu. Anaagiza tu. Bibi husema tofauti yake na waheshimiwa wengine ni moja: huyu akilishwa anasema asante.

Dobi aliisimamisha pasi, akamshusha mtoto na kumketisha juu ya meza katikati ya makoti. Goti la kushoto lilikuwa limejaa kama andazi lililosahaulika kwenye mafuta. Alipoligusa, mtoto alipiga kelele. Lakini halikuwa na moto.

"Lina ubaridi," alisema.

"Huyo ni wa baridi toka azaliwe," alisema Bibi kutoka kwenye kiti chake cha kukunja nguo. "Sikio lilitoa usaha, baridi. Jipu la shingoni, baridi. Mtoto wa jirani akipaliwa na maji tu anapanda homa mtaa mzima unajua. Huyu wetu anaugua kimyakimya kama mke wa mlevi."

Ikumbukwe kwamba mlangoni pa wodi ya watoto kuna ubao wa maandishi mekundu: HAKUNA HOMA, HAKUNA DHARURA. Wakubwa walikaa kikao kwenye ukumbi wenye viyoyozi, wakala biskuti, wakaona foleni ya watoto ni ndefu mno. Mtu wa kawaida akiona foleni ndefu huongeza daktari. Wakubwa waliongeza ubao. Toka hapo nesi anakaa mlangoni na kipimajoto cha kwapani. Mtoto akifika thelathini na nane anaingia, asiyefika anaelekezwa kliniki ya Alhamisi, na ukienda hiyo Alhamisi unaandikishwa kwa Alhamisi nyingine.

Dobi alimtazama mtoto, kisha akaitazama pasi.

"Kwani wanachotaka ni nini? Si joto?"

"Usinitanie, mwenzio nina mgonjwa."

"Sikutanii, Mama Mheshimiwa. Joto ndiyo kazi yangu. Baba yangu aliuza joto, na mimi nauza joto. Leo nishindwe kumpa mwanangu la kuvukia mlango?"

Mkewe alielewa, akashika kiuno. "Tukikamatwa je? Makoti yao ndiyo yanatulisha humu ndani."

"Mwanangu," Bibi alimwambia mkwewe, "wao wanadanganya kwamba wanatibu. Sisi tukidanganya kwamba tuna homa, ngoma droo."

Kipande cha blanketi la kupigia pasi kilikunjwa mara tatu, kikapigwa pasi mpaka kikatoa moshi wa sufu, kikafungwa ndani ya taulo, kikabebwa mbio. Mheshimiwa alikwenda mgongoni kwa baba yake, akiuliza njia nzima kama huko wanakokwenda kuna biskuti.

*

Foleni ilikuwa imefika getini. Bibi alijitanda, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Mpisheni Mheshimiwa! Mpisheni Mheshimiwa anaumwa!"

Watu waligawanyika pande mbili wakitafuta gari lenye bendera. Mpaka wanagundua kwamba aliyepita ni kitoto mgongoni kwa dobi, dobi alikuwa ameshafika kwa nesi.

Nyuma ya mgongo wa mumewe, mama aliliingiza blanketi chini ya kwapa la mtoto, akalibana.

"Inachoma!"

"Vumilia, mama."

"Nikivumilia mtanipa biskuti?"

"Mbili."

Nesi alipogeuka, blanketi lilikuwa limerudi ndani ya taulo. Kipimajoto kikaingia, kikakaa, kikalia. Nesi alikisoma, akakipangusa, akakisoma tena.

"Arobaini na moja na pointi nane!"

Shida ya mafundi ni hiyo, hawajui kufanya kazi nusunusu. Mtu alitakiwa thelathini na nane, yeye akatengeneza mtoto wa kuchemshia chai.

"Dada," Mheshimiwa alimwuliza nesi kwa utulivu, "una biskuti?"

"Na ameshaanza kuweweseka!" Nesi alipiga ukelele, na mlango, ule ule uliomrudisha asubuhi, ukafunguka kwa mateke.

Ndani walimvua nguo, wakamfunika matambara ya maji, wakamnywesha dawa ya kushusha homa. Daktari wa zamu alikuja mbio, kijana aliyevaa koti ambalo mikunjo yake dobi aliijua kuliko mikunjo ya uso wa mama yake. Akatoa damu kidogo ya kupima malaria, haikuonyesha kitu. Akapima joto tena. Thelathini na sita na nusu.

"Nimeishusha," alisema, kama mtu aliyeitungua ndege. Akawaita wanafunzi wawili waje waone.

"Na goti, daktari?" aliuliza mama.

"Goti ni sehemu ya homa, mama. Homa ikihama, inahama na virago vyake."

"Lakini lilivimba kabla…"

Dobi alimkanyaga mguu. Mkewe alimtazama daktari, akawatazama wale wanafunzi wakitikisa vichwa kwa heshima, na neno lililokuwa limefika kwenye ulimi likarudi lilikotoka.

Waliruhusiwa kabla ya jioni, pamoja na chupa ya dawa ya homa. Nje ya geti Bibi alitema mate pembeni.

"Tumedanganya vizuri mpaka tumeaminiwa," alisema. "Sasa tumerudi na mguu wetu ule ule."

*

Jumatano asubuhi Mheshimiwa hakuagiza kitu chochote. Hakuitisha maji wala kumtuma mtu amletee mto, na hakuuliza nani kamchukulia kikombe chake. Bibi alimwekea biskuti kiganjani, ikaanguka. Alikuwa anahema harakaharaka kama kuku aliyefukuzwa, midomo imekauka, na ngozi yake ilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungini.

Safari hii hawakubeba blanketi. Dobi alibeba mtoto tu.

Kipimajoto kikalia. Thelathini na sita na pointi moja.

"Mzima," alisema nesi. "Anayefuata."

"Dada, mwangalie macho tu," alisema mama. "Hata hashiki biskuti."

"Mama, mimi nakukumbuka. Jana alikuja anaungua, tukamtibu. Leo haungui. Sasa mnataka tumtibu nini, kukosa homa?"

Foleni ikacheka. Watu wa foleni hucheka upesi, wanajua kila anayechekwa anawasogeza mbele.

Hapo ndipo Mkuu akapita, anaelekea kwenye kikao. Koti lake lilikuwa linang'aa, kola imesimama.

"Aa, dobi! Kola ya wiki hii safi kabisa. Endelea hivyo hivyo."

"Ahsante, Mkuu. Mkuu, mtoto wangu…"

"Fuata utaratibu, ndugu yangu. Utaratibu hauna ndugu."

Dobi alifungua mdomo. Akayafikiria makoti, yale yote ya Jumanne zote. Akamfikiria mtu mwingine akiyanyunyizia maji. Akaufunga mdomo. Mkewe alimwangalia kwa muda unaotosha mwanamume kusema jambo, muda ukapita, naye akageukia foleni, nesi na Mkuu.

"Homa ya jana ilikuwa ya pasi!"

"Ya nini?" aliuliza nesi.

"Ya pasi. Tulipasha blanketi tukambana nalo kwapani. Hakuwa na homa jana, hana leo, hajapata kuwa nayo toka nimzae, si kwa usaha wa sikio wala kwa jipu la shingoni. Daktari hakushusha kitu, blanketi ndilo lililopoa!"

Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, na foleni nzima ikafuata. "Jamani, na mimi nikampige wangu pasi!" mama mmoja alisema. "Kola usisahau!" akajibiwa.

Mkuu hakucheka. "Mmeidanganya hospitali. Mmekula dawa ya umma kwa udanganyifu. Hii ni kesi ya polisi."

"Dawa yenyewe hii hapa," alisema Bibi, akiitoa chupa kifuani. "Chukua, bado imejaa. Mtoto hana homa, ainywe ya nini?"

"Askari yuko wapi? Na wewe dobi, makoti yangu, kuanzia leo…"

"Rudia hapo, mama."

Sauti ilitoka ndani. Mwanamke mfupi wa viatu vya raba alikuwa amesimama kizingitini na kikombe cha chai. Alikuwa daktari bingwa wa watoto, anayefika hospitali hiyo Jumatano peke yake, kwani siku nyingine amegawanywa kama nyama ya msibani kwenye hospitali nyingine.

"Tulidanganya, daktari," alisema mama, na sasa machozi yalikuwa yanatiririka. "Mimi na mume wangu. Lakini mtoto hakudanganya."

"Mlivyodanganya sijali. Umesema hajawahi kupata homa. Hata sikio lilipotoa usaha?"

"Hata siku moja."

"Jipu?"

"Baridi kama hivi."

Bingwa alimpa nesi kikombe bila kumtazama, akalishika goti. Mheshimiwa aliguna bila kufumbua macho.

"Chumba cha upasuaji. Sasa hivi."

"Daktari," alisema Mkuu, "suala la nidhamu bado…"

"Nidhamu kaidai kwa pasi, Mkuu. Mtoto nimemchukua."

Usaha uliotolewa ndani ya goti lile ulijaza bakuli. Daktari wa zamu, yule aliyeitungua homa, ndiye aliyeshika bakuli, na safari hii hakuita wanafunzi.

*

Kwa muda ilikuwa haijulikani kama atapona, halafu ilijulikana. Mheshimiwa alifumbua macho, akamwona muuguzi wa wodi, akamwagiza afunge dirisha. Bibi alilia kwa furaha mpaka akaombwa atoke nje.

Damu yake ilipelekwa mbali kupimwa, na majibu yalipokuja, bingwa aliwakalisha kwenye benchi ya wodini. Alijaribu kusema taratibu.

"Ndani ya mwili kuna seli walaji. Kazi yao ni kula vijidudu."

"Walaji tunawafahamu," alisema Bibi. "Wanakaa ghorofa ya juu."

"Hawa wanafanya kazi, mama."

"Basi siyo hao. Endelea."

"Mlaji ana vipokezi kwenye ngozi yake. Hivyo amezaliwa navyo, hakufundishwa na mtu. Kimoja kinatambua ganda la kijidudu, kingine kinatambua mkia wake. Kipokezi kikikamata, habari inapitishwa ndani ya seli, toka mkono hadi mkono, mpaka kwenye kiini. Hapo mlaji anachachamaa. Anamwaga kemikali, na kemikali hizo ndizo zinazoleta homa. Kumbe homa ni kelele za walaji. Tena kelele hizo ndizo zinazoamsha seli nyingine, tunaziita seli T. Mlaji anaionyesha seli T kipande cha kijidudu alichokula, kama kumwambia: mwenye sura hii. Lakini seli T haikurupuki kwa kuonyeshwa sura tu. Inataka na kelele. Ikiona sura bila kelele, inadhani ni mpita njia, haimjali."

"Na mwanangu hana hivyo vipokezi?" aliuliza mama.

"Anavyo vizima kabisa, na vinakamata. Ila ndani kuna protini moja ya kupokezana habari, hiyo ndiyo mbovu. Kijidudu kimeshikwa, habari imekwama njiani. Kelele hazitoki, homa haiji, na seli T zinachelewa kujua kama kuna vita."

Dobi alikuwa anatazama sakafu. Toka siku ile ya foleni alikuwa hamtazami sana mkewe.

"Ni kama pasi ya umeme," alisema polepole. "Plagi umeichomeka sawasawa ukutani, umeme upo. Lakini waya umekatika ndani ya mpira, huwezi kuona. Unaiweka juu ya shati unasubiri, na shati linabaki na makunyanzi yake."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Yaani nyie mmesoma miaka yote hiyo," alisema Bibi, "kuja kuniambia mjukuu wangu ni pasi mbovu." Akamgeukia mkwewe. "Na kwetu sisi hakuna waya uliokatika. Nawajua wote."

"Inatoka pande zote mbili, mama," alisema bingwa. "Kwa baba nusu, kwa mama nusu. Upande mmoja tu usingetosha."

Bibi alifikiria ukoo wake mmoja mmoja, akajitanda upya, na kwa mara ya kwanza toka mwanawe aoe, akamsogezea mkwewe nafasi kwenye benchi.

"Atapona?" aliuliza mama.

"Waya hatuwezi kuuunga. Lakini atakunywa dawa ya kuzuia vijidudu kila siku, na atachanjwa chanjo zote. Mwili una njia nyingine za kujifunza, hizo seli T zenyewe na wenzake, ila zinakomaa polepole. Wengi wakishakuwa wakubwa wanapata afadhali. Kazi yetu ni kumfikisha huko. Kabla ya hapo ataugua tena, na akiugua anaweza kwisha kati ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo msisubiri homa, haiji. Akichechemea, akinyamaza, akikataa chakula, mleteni mlangoni mbio."

"Mlango gani?"

"Mimi nipo Jumatano," alisema bingwa.

"Na akiugua Ijumaa?"

"Twendeni kwa Mkuu."

*

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na zulia, na mbele ya zulia kulikuwa na kitambaa cha kufutia miguu, na mbele ya kitambaa karani anayekuangalia miguu. Polisi hawakuitwa. Makoti ndiyo yaliyoitwa, yakahamishiwa kwa dobi mwingine wa mtaa wa pili, binamu wa karani, na koti alilovaa Mkuu siku hiyo lilikuwa na alama ya kahawia mgongoni yenye umbo la pasi kamili, mpaka ncha yake. Dobi aliiona Mkuu alipoinuka kufunga dirisha. Aliumia kama fundi, akafurahi kama binadamu.

Bingwa alieleza yote tena, kwa ufupi. Mkuu alisikiliza akiwa amefumba macho, kama wanavyosikiliza wakubwa.

"Naelewa," alisema. "Inasikitisha. Lakini nielewe na mimi. Nikifungua mlango kwa kila mtoto asiye na homa, nitaingiza mji mzima, maana mji mzima hauna homa. Kabla ya ubao ule watoto walikuwa wanafia kwenye foleni."

Hilo lilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wa wakubwa, kwenye gunia la maneno yao huwa wanaweka na punje moja ya ukweli, uichambue mpaka uchoke.

"Basi uongezwe mstari kwenye ubao," alisema bingwa. "Au nesi aambiwe kuhusu mtoto huyu."

"Manesi wa mlangoni nawabadilisha kila mwezi. Na ubao ulipitishwa na kikao. Kuubadilisha kunataka kikao."

"Kikao kitakaa lini?"

"Fungu la vikao bado halijatoka."

"Biskuti nitanunua mimi!" alisema Bibi. "Kaeni!"

Mheshimiwa, aliyekuwa amepakatwa na mama yake, mguu ukiwa bado umefungwa, alinyoosha kidole mezani. "Wewe. Nipe hiyo kalamu."

Mkuu, kwa mazoea ya kupokea amri kutoka kwa waheshimiwa, alimpa. Halafu akakumbuka ni nani, akawa hajui aichukue vipi.

Dobi alikohoa. "Mkuu, siku ile pale mlangoni nilinyamaza kwa ajili ya makoti yako. Makoti sina tena, kwa hiyo leo sina cha kunyamazia. Mwachie mke wangu aseme."

Mkewe alimtazama, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akamhamisha mtoto kwenye paja la pili, taratibu, asimwumize.

"Mimi sina maneno mengi, Mkuu. Jumanne asubuhi nilikuja na ukweli, goti hili hapa limevimba, mkanirudisha. Mchana tukaja na uongo, mkatupokea kwa mbio na maji na dawa, na ule uongo wetu ukalificha goti, almanusura nimzike. Kesho yake nikaja na ukweli tena, ukaniitia askari. Na ningekuja siku nyingine yoyote isiyo Jumatano, leo nisingekuwa nimempakata. Daktari amesema huyu ataugua tena, na akiugua atakuwa wa baridi vilevile. Ukweli mnaukataa, uongo unamuua. Sasa nifundishe, wewe ndiye uliyepewa mlango. Siku hiyo nikufikie nimebeba nini, ndipo unifungulie?"